MKONO MMOJA, NGAZI SABA
Somo: Maisha ya mrushaji wa besiboli, na funzo lake kwa vijana wa Pwani ya Kusini

Katika kurasa hizi umezoea kukuta ngeli, methali na tahakiki za riwaya. Safari hii tumekuandalia somo la namna nyingine kidogo, nalo linahusu mchezo wa besiboli, na hasa yule anayeurusha mpira. Najua utauliza, "Besiboli na Kwale wapi na wapi?" Swali lako ni la haki. Kuanzia Matuga hadi Lungalunga, uwanja wowote utakaouona una magoli mawili, na watoto wakipata mpira wanaupiga teke kwanza, mengine baadaye.

Lakini tega sikio. Majirani zetu wa Uganda tayari wana vijana walioajiriwa Marekani kwa kazi ya kurusha mpira. Njia waliyoishika ni ndefu, ina miiba, na inafanana sana na njia ya kijana wa Msambweni anayeota kucheza kandanda Ulaya, au wa Kinango anayetaka kuishi kwa mbio. Basi tukiijua ya mrushaji, tumezijua nyingi.

1. TUANZE NA MANENO

Kiswahili hakina umaskini katika jambo hili. Kitenzi "rusha" kimetokana na "ruka". Ukifanya kitu kiruke, umekirusha. Hiyo ndiyo kauli ya kufanyisha, ambapo "k" ya ruka imegeuka "sh", kama vile waka inavyozaa washa na amka inavyozaa amsha. "Tupa" ni neno pana zaidi: unatupa taka, na mvuvi anatupa kimia. "Vurumisha" ni kurusha kwa nguvu na kishindo. "Lenga" ni kutafuta shabaha kabla ya kurusha. Na lipo neno tamu ambalo watoto wa hapa wanalitenda kila msimu wa maembe ingawa huenda hawalitaji: "popoa", yaani kurusha jiwe au kijiti juu mtini ili tunda lianguke.

Kwa hivyo tutamwita mchezaji huyu "mrushaji". Anayemkabili na gongo mkononi ni "mpigaji". Anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa glavu nene, ni "mdakaji". Haya basi, tuingie uwanjani.

2. KAZI YA MRUSHAJI

Ukiwahi kucheza raunda katika shule ya msingi, besiboli umeionja. Timu moja inapiga, nyingine inazuia. Mpigaji akiupiga mpira hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi salama kituo cha mwisho timu yake inapata pointi moja. Kila timu hupiga kwa zamu tisa, na zamu huisha wapigaji watatu wakitolewa.

Mrushaji husimama juu ya kijitulima chenye urefu wa sentimita 25 hivi kutoka ardhini. Kutoka pale hadi kituo cha mpigaji ni takriban mita 18 na nusu, yaani ni zaidi kidogo ya umbali wa kutoka golini hadi mstari wa boksi la penalti, ambao ni mita 16 na nusu. Mpira una uzito usiofika gramu 150, lakini ni mgumu, na ngozi yake imeshonwa kwa uzi mwekundu wenye mishono 108. Fikiria dirisha lisiloonekana mbele ya mpigaji, upana wake sentimita 43, kutoka magotini hadi usawa wa kifua. Mpira ukipita dirishani bila kupigwa, mpigaji anahesabiwa kosa moja. Makosa matatu, yuko nje. Lakini mrushaji akikosa dirisha mara nne, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza.

Sasa fanya hesabu. Mpira unaokwenda kilomita 150 kwa saa unafika kwa mpigaji katika muda usiotimia nusu sekunde. Mpigaji hana wakati wa kufikiri, anakisia. Ndiyo maana mrushaji hodari hategemei kasi peke yake. Anao mpira wa kasi, anao mpira wa kupinda ambao huzungushwa kwa vidole ili hewa iusukume na kuushusha ghafla, na anao mpira wa hadaa ambao unaonekana wa kasi kumbe ni wa polepole.

Nguvu zenyewe zinatoka wapi? Wengi watasema, "Mkononi." La hasha! Nenda Gazi au Shimoni umtazame mvuvi anayetupa kimia. Anaanza na miguu, anazungusha kiuno, mabega yanafuata, na mkono unamalizia tu. Akitumia mkono peke yake, kimia hakifunguki. Mrushaji ni vivyo hivyo. Mguu unasukuma, nyonga inageuka, bega linavuta, kiwiko na kifundo vinafyatua mwisho.

3. NGAZI SABA

Ligi kuu ya Marekani ina timu 30. Kila timu huwa na wachezaji 26 kwa sehemu kubwa ya msimu. Zidisha: nafasi ni 780 tu. Chini yake kuna timu ndogo 120, nne kwa kila timu kuu, kwa mpango uliowekwa mwaka 2021. Ukikadiria wachezaji 28 kwa timu, unapata zaidi ya 3,000, wote wakizitazama zile nafasi 780 ambazo tayari zina wenyewe.

Hebu tuzipande ngazi zenyewe. Ya kwanza ni ligi ya kiangazi huko Jamhuri ya Dominika, ambako vijana wengi kutoka nje ya Marekani huanzia. Ya pili ni ligi za kambini, katika majimbo ya Florida na Arizona. Ya tatu ni daraja A, ya nne ni A ya juu, ya tano ni A mbili, ya sita ni A tatu. Ya saba ndiyo ligi kuu. Mchezaji anaweza kupandishwa leo, akashushwa kesho, akauzwa keshokutwa, na akaachwa siku inayofuata. Safari ni za basi, usiku kucha, mji hadi mji.

Na mshahara je? Hapa ndipo wengi huduwaa. Kabla ya mwaka 2023 mchezaji wa ligi za kambini alipata kama dola 4,800 kwa mwaka, kwa sababu alilipwa miezi ya msimu tu. Miezi mingine alirudi kwao kubeba mizigo au kuuza duka. Mwaka 2022 ndipo timu zilipoanza kuwapa wachezaji wa ngazi hizo makazi. Mwaka 2023, baada ya wachezaji kuingia katika chama cha wafanyakazi, mkataba wao wa kwanza uliinua kiwango cha chini hadi dola 19,800 kambini na 35,800 kwenye A tatu. Lakini tazama ngazi ya saba: mwaka 2025 kiwango cha chini kabisa cha ligi kuu kilikuwa dola 760,000. Kati ya ngazi ya sita na ya saba hakuna ngazi, kuna ukuta!

4. MAJIRANI ZETU

Uganda iliingia habari hizi kupitia watoto. Mwaka 2011 timu ya vijana wadogo kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda yaliyofanyika Kutno, Poland, na ikapata haki ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto. Hawakufika. Walinyimwa viza kwa kuwa maelezo ya umri na kuzaliwa katika karatasi zao hayakuoana. Timu ya watoto wa Kanada, ambayo ingecheza nao, ilifunga safari Januari 2012 ikawafuata Uganda wacheze huko huko.

Mwaka huo huo wa 2012 timu ya Lugazi ilishinda tena kanda, na safari hii karatasi zilikuwa sawa. Ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Williamsport, na ikaifunga timu ya jimbo la Oregon 3-2. Mwaka 2015 Uganda ilirudi na kuifunga Jamhuri ya Dominika 4-1, nchi ambayo besiboli kwao ni kama kandanda kwetu.

Miti ile ikazaa. Mwaka 2022 vijana wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia saini na Los Angeles Dodgers. Mwaka 2023 mrushaji David Matoma alichukuliwa na Pittsburgh Pirates akiwa kijana mbichi bado. Mwaka uo huo Dennis Kasumba, mdakaji aliyejulikana kwa video za mazoezi yake ya kutumia matairi na vifaa vya kujitengenezea, alikwenda Marekani kucheza na Frederick Keys katika ligi ya majira ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa. Tanzania nayo haikulala: tangu 2012 mchezo huu umefundishwa Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari ya Azania, kwa msaada wa Wajapani.

Angalia vizuri, msomaji. Kutia saini ni kuruhusiwa kukanyaga ngazi ya kwanza. Watu wa kijijini wakisikia "amesajiliwa Marekani" wanadhani nyumba ya ghorofa inaanza kujengwa wiki ijayo. Wajomba wanaanza kupiga simu. Kumbe kijana mwenyewe analala chumba kimoja na wenzake, anajifunza lugha mpya, na kila asubuhi anaamka akijua kwamba anaweza kuachwa.

5. WARUSHAJI WAWILI

Wa kwanza ni Tayler Scott wa Johannesburg, Afrika Kusini. Alichaguliwa na Chicago Cubs mwaka 2011. Alikaa ngazi za chini mwaka baada ya mwaka. Akaachwa, akaenda kucheza Sioux City katika ligi ya kujitegemea, isiyo chini ya timu yoyote kubwa, kisha akaokotwa tena. Juni 2019, baada ya miaka minane, aliingia ligi kuu na Seattle Mariners na kuwa mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika Kusini kufika huko. Hata hapo hakutulia. Alikwenda Japani kuchezea Hiroshima, akarudi Marekani, akahama timu baada ya timu, na mwaka 2024 ndipo alipopata msimu wake mzuri akiwa na Houston Astros. Subira kweli huvuta heri, lakini subira yake ilikuwa na mazoezi ndani yake.

Wa pili ni Steve Dalkowski, Mmarekani, aliyesajiliwa na Baltimore Orioles mwaka 1957. Wengi waliomwona waliapa kwamba hakuna binadamu aliyewahi kurusha kwa kasi kama yake. Tatizo lake lilikuwa moja: hakujua mpira utakwenda wapi. Mwaka 1960, akiwa Stockton, aliwatoa wapigaji 262 kwa makosa matatu, na papo hapo akawatembeza bure wengine 262. Nguvu bila shabaha! Mwaka 1962 kocha Earl Weaver alimtuliza na kumfunza kutotumia nguvu zote, naye akaanza kunyooka. Machi 1963, akiwa mlangoni kabisa mwa ligi kuu, mkono ukaumia katika mechi ya maandalizi. Kasi ile haikurudi tena. Hakurusha hata mpira mmoja katika ligi kuu. Baadaye alifanya vibarua vya mashambani California, pombe ikamshika, na miaka ya 1990 dada yake ndiye aliyemrudisha mji wao wa New Britain. Alifariki Aprili 2020 akiwa na umri wa miaka 80.

Tusimcheke Dalkowski. Alikuwa na kipaji kilichowazidi karibu wote waliofika juu. Mkono ulipokatika, hakuwa na jambo la pili la kushika.

6. KIWIKO HAKINA SPEA

Kurusha kwa namna hii kunaumiza kano ndogo iliyo upande wa ndani wa kiwiko. Zamani ikichanika, kazi imekwisha. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mrushaji Tommy John na kuipandikiza kiwikoni. John akarudi uwanjani mwaka 1976 na kuendelea kurusha hadi 1989. Upasuaji huo ukaitwa kwa jina lake, na hadi leo warushaji wengi huupitia, huku kupona kukichukua mwaka mzima au zaidi.

Kwa sababu hiyo ligi za watoto zina sheria ya kuhesabu mipira. Katika Little League mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 16 mwisho wake ni 95. Akifikisha 66 akiwa na miaka 14 au chini ya hapo, lazima apumzike siku nne. Sisi huku mwalimu wa michezo anamchezesha mtoto mechi tatu kwa siku moja kwenye mashindano ya wilaya, goti limevimba, na tunamwambia, "Kaza, wewe ni mwanamume!" Hapo tunajenga au tunabomoa?

7. KARATASI

Turudi kwa watoto wa Kampala wa 2011. Hawakushindwa uwanjani, walishindwa na karatasi. Kwale ni mahali panapolielewa jambo hili kuliko pengi. Wamakonde wa hapa waliishi miongo mingi bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Pwani wakatambuliwa mwaka 2023. Je, ni vijana wangapi wa jamii hizo waliokuwa na mbio, miguu au mikono ya dhahabu, wakakosa hata cheti cha kuzaliwa cha kuandikishia mtihani? Hesabu hiyo hakuna aliyeiandika.

Kuna upande wa pili pia, na tuuseme bila kuoneana haya. Wako wanaopunguza miaka ili wacheze na watoto. Mtu ana ndevu, ati yuko darasa la saba! Siku hiyo timu inashinda kikombe na watu wanashangilia. Lakini timu za kitaaluma huchunguza umri kabla ya kulipa senti, na uwongo ukifumuka unamwangukia aliyedanganya pamoja na mwenzake aliyesema kweli. Mla mbuzi hulipa ng'ombe.

8. TUFANYE NINI?

Kijana wa Diani anaishi karibu na wageni kila siku. Ni rahisi kukutana na mtu ufuoni atakayesema, "Wewe una kipaji, nipe pesa kidogo ya viza nikupeleke majaribio." Jiulize kwanza: kama kipaji changu kina thamani, mbona mimi ndiye ninayelipa? Timu ya kweli hulipa mchezaji. Mkataba usomwe na mzazi, na mwalimu, na mtu anayejua sheria, kabla kalamu haijagusa karatasi. Na ukiwa kwa lugha usiyoielewa, usitie saini hata wakikuimbia.

Jambo la pili ni shule. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wapo watakaosema kwamba mtaka yote hukosa yote, na kwamba kipaji kinataka moyo mzima. Wana hoja. Scott asingefika kama angelegea. Lakini kumbuka zile nafasi 780. Aliye na cheti chake anaweza kuthubutu kupanda ngazi kwa sababu akiteleza ana pa kukanyaga. Asiye nacho anapanda akiwa na hofu, na mwenye hofu hukubali mkataba wowote.

Mwisho, wewe unayepopoa maembe ya jirani kwa jiwe moja tu: mkono wako una kitu. Kwanza kamwombe jirani msamaha. Kisha tafuta shabaha, tunza kiwiko, na mwulize mama cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi.

MASWALI

1. Taja vitenzi vinne vinavyohusu kurusha vilivyotajwa katika somo hili, na utunge sentensi moja kwa kila kimoja.
2. Andika kauli ya kufanyisha ya: ruka, waka, amka, anguka. Ni herufi gani inayobadilika?
3. Mpira unakwenda kilomita 144 kwa saa. Utachukua muda gani kusafiri mita 18? Onyesha njia.
4. "Kati ya ngazi ya sita na ya saba hakuna ngazi, kuna ukuta." Eleza maana ya kauli hii kwa kutumia tarakimu ulizosoma.
5. Linganisha maisha ya Scott na Dalkowski. Ni kipi kilichowatofautisha: kipaji, bahati au mwenendo?
6. Mjadala wa chama: "Mwanafunzi mwenye kipaji cha michezo aruhusiwe kuacha shule." Unga mkono au upinge.